Kiti Kitupu Darajani

Picha za daraja zilinifikia chumbani kwangu, mtaa wa Murabba, Riyadh, jioni moja, nikiwa nimekaa kitandani nikifuta vumbi la saruji kwenye viatu vya kazi. Zilitoka kwa rafiki yangu wa Jeddah, ambaye ni dereva wa gari la dobi. Kwetu ni kumoja. Yeye katoka upande mmoja wa mto, mimi upande wa pili, na kati ya boma lao na letu kuna daraja la chuma. Chini ya picha ya mwisho aliandika: "Injinia, angalia hii kitu uniambie kama gari inaweza pita."

Mimi si injinia. Ni mtunza stoo katika yadi inayokodisha majukwaa ya ujenzi, nje kidogo ya Riyadh. Kazi yangu ni kupokea mabomba na viungo vinavyorudi kutoka kwenye majengo, kuvikagua kimoja kimoja, na kuamua kipi kitoke tena na kipi kisitoke. Shule niliishia kidato cha nne. Jina la injinia nilipewa na Wakenya wenzangu kwa sababu ya vitabu ninavyosoma, na nilipokataa mara ya kwanza walicheka, nilipokataa mara ya pili walizoea kucheka, kwa hiyo nikaacha kukataa.

Daraja lenyewe ni kongwe kuliko mtu yeyote aliye hai pande zile. Waingereza walilileta vipande vipande, wakaliunga kwa ribiti, zile pini za chuma zenye vichwa vya mviringo kama vifungo vya koti. Lina kuta mbili ndefu zilizofumwa kwa pembetatu, na katikati njia ya mbao inayotosha gari moja. Barabara inayofika pale ni ya udongo mwekundu na haina jina. Watu husema tu "barabara ya darajani".

Nilipokuwa mtoto nililivuka kila siku nikienda shule na nilidhani zile pembetatu ni pambo, kama nakshi kwenye ukingo wa pazia. Ilinibidi nifike Riyadh, na nipate kitabu kikuukuu ambacho mhandisi mmoja alikiacha kwenye kibanda cha yadi, ndipo nijue kwamba chuma hakikupangwa vile kwa uzuri. Ukiunga vijiti vinne kuwa mraba na kuusukuma pembeni, unalala. Ukiunga vitatu kuwa pembetatu, haisogei mpaka kijiti kivunjike. Nilisoma ukurasa huo mara nyingi. Kisha nikanunua pakiti ya vijiti vya kukorogea chai na kuanza kulijenga daraja la kwetu kutoka kichwani, mahali pangu pa chumba, kwenye ubao wa dirisha chini ya kiyoyozi.

Mwenzangu wa kitanda cha juu, mlinzi kutoka Nakuru, alilitazama likikua kwa wiki kadhaa kabla ya kusema neno.

"Mzee," aliniambia mwishowe, "ukimaliza hiyo utatuvusha wapi? Bahari ya Shamu?"

Basi nilizifungua zile picha nikijua kila kiungo kinavyopaswa kuwa. Nilizikuza kwenye simu mpaka zikawa ukungu. Mvua za masika zilikuwa zimepandisha mto, na gogo moja kubwa lilikuwa limegonga chini ya daraja. Injinia wa kaunti alikuja, akakagua, akaweka mawe na mapipa pande zote mbili. Watembea kwa miguu waliruhusiwa. Magari hapana. Bango halikueleza zaidi ya hapo.

Aliyekuwa hatarini ni mama yake rafiki yangu. Moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi ilikuwa fupi, na daktari wa moyo, ambaye huja hospitali ya kaunti mara chache sana, alikuwa amempangia siku ya Ijumaa ambayo haikuwa mbali. Hospitali iko ng'ambo ya mto. Njia ya kuzunguka milimani ipo, lakini ni matope matupu; mara ya mwisho gari lilikwama na yule mama alikaa ndani yake mpaka kesho yake. Akikosa siku ile, alikuwa ameambiwa wazi, dawa alizo nazo hazitamfikisha kwenye nyingine.

Mdogo wake rafiki yangu, aliyebaki nyumbani na mama, alikuwa na mpango. Angeazima gari la jirani, Probox, alfajiri angesogeza mawe, angemvusha mama, kisha angeyarudisha mawe. Dakika chache tu. Nani angejua?

Nilimpigia rafiki yangu simu ya video.

"Sasa, injinia," alisema kabla sijamsalimu. Alikuwa ameegesha gari mbele ya duka, nguo zilizopigwa pasi zinaning'inia nyuma yake kama abiria. "Inaweza pita ama haiwezi?"

"Sijui."

"Hujui aje? Si nimekutumia picha zote?"

"Picha zinanionyesha kutu. Hazinionyeshi imeingia kiasi gani. Kuna kiungo kimoja upande wa chini, mabamba yake yameanza kuachana. Kutu ikivimba katikati ya mabamba inayasukuma. Hapo ndipo gogo liligonga."

"Kiungo kimoja! Daraja iko na viungo mia."

Nililishusha daraja langu la vijiti kutoka dirishani, nikalipachika kati ya vitabu viwili mbele ya simu, nikaning'iniza chupa ndogo ya maji katikati yake. Lilibeba bila shida. Kisha nikachukua mkasi wa kucha nikakata kijiti kimoja tu cha chini. Halikupinda pole pole. Lilifunguka kama mdomo, na chupa ikaanguka kitandani.

"Vijiti vya chini vinavutwa," nilimwambia. "Hakuna cha akiba. Kimoja kikiachia, vingine havina cha kushikana nacho."

"Hivyo ni vijiti vya chai, buda. Ile ni chuma ya mzungu. Babu yangu alivusha ng'ombe hapo."

"Ng'ombe bado wanaweza kuvuka."

"Kwa hivyo mama yangu ni mzito kushinda ng'ombe?"

"Probox ndiyo nzito."

"Na kama ingekuwa mama yako?"

Mama yangu alishafariki, na rafiki yangu alimzika pamoja nasi, kwa hiyo swali lile lilimponyoka. Aliliona mwenyewe na kutazama pembeni. Lakini hakulirudisha.

"Miaka yote tunakuita injinia," alisema, "siku moja mtu anataka injinia, unasema hujui. Sema tu ndiyo, bwana. Sema ndiyo, mimi niwaambie nyumbani, watu wapone roho."

Katika yadi yetu kuna desturi ambayo mgeni huiona kama upotevu. Bomba likirudi na mkunjo, au kiungo kikiwa na ufa unaoweza kuwa mkwaruzo tu, hatubishani. Msimamizi wetu, Myemeni mwenye sauti ya chini, huuliza kama kuna shaka. Ukisema ipo, husema "halas", yaani basi, na kipande kinakatwa hapo hapo kwa msumeno ili mtu mwingine asije akakiokota na kukitumia. Mwanzoni nilikuwa naona uchungu kukata vyuma vinavyoweza kuwa vizima. Baadaye nilielewa kwamba atakayesimama juu yake hayupo pale kujitetea. Kwenye kazi yangu "sijui" ina maana moja tu.

"Kwa kuwa sijui," nilimwambia, "jibu ni hapana."

Alikata simu.

Siku zilizofuata hakunipigia. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikala wali na samaki wa kopo pamoja na wenzangu, na kila nilipolala niliona dirisha ambalo daraja halikuwepo tena. Sikuwa na shaka na jibu langu. Kilichonisumbua ni kwamba jibu langu halikumvusha mtu. Kusema hapana ukiwa Riyadh ni rahisi. Mgonjwa anabaki ng'ambo ile ile.

Kulikuwa na njia ya wazi, nayo nilimwandikia: mama abebwe kwa miguu. Watu wanne na kiti. Gari moja lisimame upande huu, jingine upande ule. Uzito wa watu wachache si kitu mbele ya uzito wa daraja lenyewe, na injinia wa kaunti alikuwa amewaruhusu. Nilijibiwa kwa sauti iliyorekodiwa, fupi.

"Wewe umesahau kwetu? Unajua nani hubebwa hapo."

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa natumaini yeye kasahau. Kwetu, gari la maiti likifika darajani husimama. Jeneza hushushwa, wanaume hulibeba mabegani mpaka ng'ambo, na gari huvuka tupu nyuma yao. Ndivyo tulivyomvusha baba yangu, na mama yangu. Hakuna mtu mzima pande zile ambaye hajalibeba jeneza pale au kutembea nyuma yake. Na hakuna aliye hai aliyewahi kubebwa. Hata watoto hukatazwa kubebana mgongoni wakiwa darajani. Mama wa mtoto mchanga humfunga kifuani, maana hilo halihesabiwi kubebwa, mpaka amalize kuvuka. Yule mama alikuwa amewaambia wanawe kwa utulivu: hatavuka daraja lile akibebwa angali anapumua. Pikipiki hataki, ilishamwangusha. Mtu akataja mkokoteni wa sokoni. Inasemekana alimtazama kwa muda mrefu sana.

Nilikuwa na maelezo yangu juu ya desturi hiyo, na niliyaamini. Mbao za kwanza za daraja lazima zilikuwa dhaifu, na lori la kwanza kubeba jeneza na waombolezaji lazima lilikuwa zito kupita kiasi. Mtu mwangalifu akasema: shusheni, bebeni, gari lipite tupu. Baada ya watu wawili watatu kuzikwa hivyo, tahadhari ikawa heshima, heshima ikawa mwiko, na sababu ikasahaulika. Kumbe wazee wetu walikuwa wameweka kikomo cha uzito kabla ya kaunti kuweka bango. Nilifurahia wazo hilo kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Nikaomba kuzungumza na mama mwenyewe.

Aliletwa kwenye simu asubuhi ya Jumapili, saa ya mapumziko ya chai kazini. Nilijibanza nyuma ya rundo la mbao ili nipate kivuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ndiye umefunga daraja."

"Si mimi, mama. Ni kaunti."

"Kaunti haijanipigia simu. Wewe umepiga." Alipumzika kuvuta pumzi, na nilisikia jinsi pumzi yenyewe ilivyokuwa ikitafutwa. "Haya. Sema ulilotaka kusema."

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya mbao, ya lori, ya tahadhari iliyogeuka mwiko. Nilitumia maneno mepesi na sikumharakisha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na nilipomaliza nilihisi nimesema vizuri.

"Inawezekana ilianza hivyo," alisema. "Sikatai. Lakini mimi sikuwepo ilipoanza. Mimi nimekuwepo hapa katikati, na wote niliowaona wakibebwa pale hawakurudi. Mama yako sikumwona akirudi."

Nilikuwa nimemweleza desturi ilikotoka, naye alikuwa akiniambia inakoelekea.

"Kiti unachosema," aliendelea, "ni kizito?"

"Hapana, mama. Hata cha plastiki kinatosha."

"Basi kibebeni kiti. Mimi nitatembea."

Nilianza kumwambia kwamba daraja ni refu kwa mtu wa hali yake. Akaniuliza kama zile nguzo za chuma zilizosimama kando bado zipo, zile zinazopishana na vyuma vya mshazari. Nikamwambia zipo. Akasema atatembea kutoka nguzo moja hadi nyingine. Kila nguzo kiti kitawekwa, atakaa, atapumua, atainuka. Kiti kitatangulia kama mtoto anayetumwa. Asiyetaka kungoja na aende zake.

Wiki hiyo kampuni ilipeleka vifaa Jeddah na nikatumwa kuvipokea na kuvikagua huko. Sikuomba, lakini sikuchelewa kukubali. Nilifikia kwa rafiki yangu, mtaa wa Baghdadiya, katika chumba cha ghorofa ya juu ambacho unyevu wa bahari umekibandua rangi ukutani. Alinifungulia mlango, akanitazama, akachukua begi langu. Hatukuzungumza habari ya simu aliyoikata. Alinipikia ugali wa unga aliokuwa ameuweka akiba.

Ijumaa asubuhi alikuwa huru. Aliiegemeza simu yake kwenye sufuria juu ya meza, tukakaa kitandani bega kwa bega. Saa za huku na za nyumbani ni zile zile, kwa hiyo jua tuliloliona kwenye simu lilikuwa jua lile lile dirishani kwetu, ila lao lilikuwa laini na lilikuwa na umande.

Mdogo wake alishika simu ya upande ule. Tuliona mawe na mapipa, kisha mbao, kisha mama, kavaa koti la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Binti yake alimshika mkono mmoja. Mkono wa pili aliuweka kwenye chuma. Jirani mwenye Probox, ambayo safari hii ilibaki nyuma ya mawe, ndiye aliyebeba kiti, cha plastiki, cha kijani, akitembea mbele yao akiwa amekiinua kifuani kwa uangalifu kama trei ya vikombe.

Nguzo ya kwanza alikaa. Ya pili alikaa. Watu waliokuwa wakienda sokoni walikuwa wanafika nyuma yao, na badala ya kupita walisimama. Kule kwetu hakuna anayesimama darajani. Njia ni moja, ukiingia unatoka. Lakini walisimama, kina mama na ndoo zao, wanaume na baiskeli zao, wakiacha nafasi ndogo kati yao. Nilianza kufikiria kile kiungo cha chini na jinsi watu wanavyozidi. Nikasema, "Waambie wasisongamane," na rafiki yangu akapaza sauti kwenye simu, "Msisongamane! Injinia amesema!" Walirudi nyuma wote, mara moja, hata mimi nikashangaa.

Katikati ya daraja mama alisimama pasipo nguzo. Tulimwona akishika chuma kwa mikono yote miwili. Mabega yalipanda na kushuka. Kiti kilikuwa mbele, hatua chache, na hazikupungua.

Rafiki yangu aliinuka kitandani. "Mbebeni!" alipiga kelele. "Mbebeni tu! Mnangoja nini, mbebeni!"

Mdogo wake alisogea. Picha ikayumba, tukaona anga, tukaona mto wa kahawia chini kati ya mbao. Kisha tukasikia sauti ya mama, dhaifu lakini kavu.

"Nani huyo anapiga kelele?"

"Ni wa Jeddah, mama."

"Mwambie anyamaze. Ananimalizia pumzi."

Watu wakacheka kule darajani, kicheko kidogo cha hofu. Rafiki yangu akakaa, akajiziba mdomo kwa kiganja. Nilitaka kumshika begani, nikagundua kwamba nilikuwa nimeshamshika.

Jirani mwenye kiti ndiye aliyefikiri. Hakungoja mama afike nguzoni. Alirudi na kiti mpaka pale aliposimama, akakiweka nyuma ya magoti yake, akaondoa mikono na kuiinua juu ili mama aone kwamba hajamgusa. Mama akakaa. Alikaa muda mrefu. Mto ulisikika. Kisha akasema kitu kwa binti yake, akainuka, na kiti kikaenda mbele.

Upande wa pili gari lilikuwa likingoja na mlango wazi. Alipoikanyaga ardhi yenyewe, udongo mwekundu, hakukaa kwanza kwenye gari. Aligeuka kutazama alikotoka. Jirani alikuwa tayari anarudi na kiti, peke yake katikati ya daraja, kiti kitupu mikononi, na watu walimpisha kwa adabu kama wanavyompisha mtu mwenye shughuli kubwa.

Daktari alimwona siku hiyo. Dawa zilibadilishwa, na uvimbe ulipungua kiasi cha kuvaa viatu vyake tena. Rafiki yangu hakuniambia asante, na mimi sikuona cha kushukuriwa. Kama ni neno langu peke yake, mama angekuwa bado ng'ambo ile akisubiri matope yakauke. Rafiki yangu aliacha kuniita injinia kwa kama mwezi, halafu akarudia.

Nililijenga upya daraja la vijiti. Nilikuwa nalimalizia siku mama aliponipigia mwenyewe, kwa simu ya mwanawe, akiwa njiani kurudi kutoka kliniki ya pili. Sasa aliweza kuvuka kwa kupumzika mara moja tu, lakini alikuwa ameagiza kiti kiletwe hata hivyo.

"Nimekaa katikati," alisema. "Maisha yangu yote kabla ya ile Ijumaa sikuwahi kusimama hapa. Ulijua maji yanapita kwa duara kwenye jiwe moja hapa mtoni?"

Nilisema sikujua. Ilikuwa kweli, mimi pia nilivuka miaka yote bila kusimama.

"Sasa niambie, wewe uliyesoma. Hivi vyuma vya mshazari vina kazi gani?"

Nikamwambia kwamba vinagawana uzito, kimoja kinavuta na kingine kinasukuma, na pembetatu hailali ukiisukuma. Kwa mbali nilisikia jirani akimwambia kuna baiskeli inataka kupita.

"Ipite kando," alimjibu. Kisha akanirudia. "Kumbe. Mimi nilidhani ni pambo."